Mateka au Waliopotea

"Mimina taratibu, na masikio yako uyaache mlangoni," Dorcas, msimamizi wa wahudumu, alimnong'oneza Mwanatumu.

Ayaache vipi? Mle ukumbini, katika hoteli ya ufuoni Malindi, wajumbe wa nchi mbili walikuwa wakigombania mpaka wa baharini. Kisa ni gesi iliyo chini ya maji, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinusa! Mwaka jana manowari ya nchi jirani ilionekana ikiizingira boti moja ya kwetu, na boti haikurudi. Ndani yake alikuwemo Badawi, mumewe Mwanatumu, fundi wa mashine aliyeitwa kutengeneza injini tu. Tangu hapo, Mwanatumu akiinama kumimina kahawa, humsikia akikohoa nyuma yake. Akigeuka, hamna mtu.

Asubuhi hiyo wajumbe walikwama kwenye neno moja: watu wa boti ile waitweje.

"Tukiwaita mateka, tumekiri kwamba tunao," alisema mjumbe wa jirani. "Andikeni waliopotea."

"Tukiandika waliopotea, tumewazika," alijibu wa kwetu.

Msuluhishi, mzee mcheshi, aligeukia birika. "Mama, nyinyi wa pwani ndio wenye Kiswahili. Hebu tuamulie, lipi linakaa vizuri?"

Wakacheka. Mwanatumu aliweka birika mezani.

"Mateka hurudishwa, bwana. Mume wangu ni mmoja wao. Andikeni mateka."

Kicheko kilikatika. Mjumbe wa jirani akafunga faili lake, akasimama. Lo, wakambembeleza! Kufika alasiri wakapata dawa: sentensi yote ikafutwa. Si mateka, si waliopotea. Wakatia sahihi, wakapigiana makofi.

"Tumepata amani, mama," msuluhishi alimwambia mlangoni, bila kumtazama usoni.

Nyumbani, Bi Widad, mamake Badawi, alikuwa bado juu ya msala, mkeka wake wa swala. Sheikh aliposhauri mwanawe aswaliwe swala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, alikataa katakata. Mwanatumu kukaa eda ya ujane nako alikukataa. Serikali ziseme kwanza, alishikilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

"Wamepatana."

"Alhamdulillahi! Na Badawi?"

Mwanatumu alikaa sakafuni. Alitaka kulia, hata hilo likamshinda. "Hawakumtaja."

Bi Widad aliinua mikono kuomba dua. Kisha akamgeukia.

"Basi niambie wewe, Mwanatumu. Leo nimwombee arudi, au nimwombee apumzike?"

Mikono yake ilibaki juu, viganja wazi, ikimngoja mkwewe.