Mapindo Manane

Mama mmoja, fundi cherehani, alimvalisha binti yake gauni la kijani alilomshonea kwa ajili ya siku ya kesi, akamgeuza mbele na nyuma, likamkaa barabara. Binti alikuwa na miaka tisa. Kwa kusema kwake bila kituo, mtaa mzima ulimwita Chiriku. Alikuwa chini ya dawati akitafuta ufutio siku mwalimu wa zamu alipompiga rafiki yake wa darasani mpaka akafa, na hakuna mwingine aliyeona.

Dada wa ustawi wa jamii aliwasomea sheria: shahidi mtoto husikilizwa faragha, nyuma ya pazia, bila kumwona mshtakiwa, na kesi yake haicheleweshwi. Alisoma vizuri sana.

Siku ya kesi, mahakamani, pazia lilikuwa limefungiwa stoo, na mwenye ufunguo yuko likizo. Kesi ikaahirishwa. Korido ilikuwa na benchi moja tu, kwa hiyo mwalimu, aliyekuwa nje kwa dhamana, alikaa nao.

"Unasoma kwa bidii?" akamwuliza Chiriku.

"Ndiyo, mwalimu," akajibu, na kiatu kikamtoka mguuni.

Nyumbani gauni liliburuza. Fundi alimpima mtoto kwa futi yake, akakuta amepungua mwaka mzima. Akalipandisha pindo bila kukata kitambaa, kwa maana mtoto ni wa kukua.

Tarehe ya pili hakimu alikuwa kwenye semina ya haki za watoto. Meno ya utotoni yakamrudia Chiriku. Kila ahirisho lilimla mwaka, na kwa kila mwaka ulioliwa fundi alikunja pindo. Hasira ilimshukia miguuni. Majirani walisikia cherehani ikikimbia hata pasipo na nguo.

"Huyu mbona anazidi kuwa mdogo?" karani aliuliza.

"Si nyinyi mnaahirisha?"

"Subira huvuta heri, mama."

"Heri ya nani?"

Karani akaandika tarehe nyingine.

Baada ya maahirisho manane pazia lilikuwepo, jipya, limepigwa pasi. Hakimu alimwinamia Chiriku aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, akamwuliza kwa upole kama anajua maana ya kusema kweli.

"Ba," alisema Chiriku, na kuendelea hivyo kwa muda mrefu, kwa mkazo, akinyoosha kidole kwenye pazia.

Hakimu akaandika kwamba shahidi hakuelewa swali. Mwalimu akaachiwa huru. Dada wa ustawi akajaza fomu yake. Penye "Shahidi hakumwona mshtakiwa", akaweka tiki.

Kuanzia hapo mtoto alikua kama watoto wote. Kila mwaka fundi alifumua pindo moja, roho haitulii. Alipofumua la sita, akampeleka kuandikishwa darasa la kwanza, kwani shule ilikuwa hiyo hiyo moja. Getini alisimama mwalimu wa zamu na daftari lake. Fundi aliukaza mkono wa mtoto mpaka akamuumiza.

"Utasoma kwa bidii?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu," akajibu Chiriku.