Baba wa Ukutani

Mdogo wangu ni fundi cherehani, mpole kiasi kwamba hata sindano ikimchoma anaiomba radhi. Ndiyo maana siku ile nilifunga saluni yangu nikamsindikiza ofisi ya ustawi wa jamii. Mtu wa namna hiyo ukimwachia kudai matunzo ya mtoto peke yake, atarudi amewashonea maafisa mapazia bure.

Mzazi mwenzake ni mchora mabango, mjini wanamwita Rangi Mbili. Mtoto alipoanza kuota meno, baba akaota mabawa. Alihama chumba, akabadili namba ya simu, na barua tulizompelekea zikarudi kama zilivyokwenda. Sasa binti yetu yuko nyumbani, shule imemkataa mpaka alipiwe ada.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani. Akafungua faili.

"Cheti cha kuzaliwa mmeleta, vizuri. Hatua ya kwanza ni kumwita baba tuzungumze. Anapatikana wapi?"

"Sijui," mdogo wangu akajibu, macho sakafuni.

"Mama, mimi siwezi kumwita mtu asiyejulikana alipo. Mkimpata, mje. Kwa leo faili nalifunga."

Damu ikanichemka. Niliinua macho juu nisije nikamtukana mtumishi wa watu, na hapo ndipo nilipouona ukuta nyuma yake. Palichorwa baba amembeba mtoto mabegani, wote wanacheka, na maandishi makubwa: MALEZI NI FURAHA YA BABA. Baba huyo alikuwa na pengo la mbele na masikio yaliyosimama. Wachora mabango wakikosa sura ya kuiga hujitazama kwenye kioo, na huyu alijitazama vizuri. Chini, kwa mwandiko wa kujidai, aliandika kile asichokiandika kwenye mabango ya maduka: Rangi Mbili na namba yake mpya ya simu.

"Huyo hapo," nikasema.

Afisa akageuka. Mwaka mzima amempa mgongo mtu tunayemtafuta. Akachukua simu akapiga, akaiweka spika tusikie wote.

"Napiga kutoka ustawi wa jamii, ofisi uliyotuchorea ukuta. Unaweza kufika leo?"

Mtu mwenye akili zake, aliyetelekeza mtoto, angeuliza kuna nini. Rangi Mbili alisikia ofisi tu, akaona ulaji.

"Leo nimebanwa, mama. Nina maduka mawili na shule nzima, vijana wangu wanne wako juu ya ngazi. Lakini kwa ajili yenu naja."

Akaja kweli, brashi mfukoni, manukato yamemtangulia. Alipomwona mdogo wangu, tabasamu likamkauka. Akageuka kuondoka, ila mlango nilikuwa nimeuziba mimi, na mimi si mwembamba. Akakaa.

"Siku hizi kazi hakuna, mama," akamwambia afisa. "Nalala kwa rafiki, nakula nikipewa."

"Na wale vijana wanne juu ya ngazi, nao wanakula wakipewa?"

Akakohoa. Nilisikia raha, sifichi.

"Haya," afisa akaendelea. "Mtoto wako yuko darasa la ngapi?"

Akautazama ukuta kama mwanafunzi anayeibia mtihani. "Yule bado mdogo. Hata kusoma hajaanza."

Nilishafungua mdomo, lakini mdogo wangu akanishika mkono. Alizungumza taratibu, bila chozi.

"Yuko la pili, na kusoma anajua. Alijifunza kwenye mabango ya maduka. Tukipita mjini anayasoma kwa sauti, na yenye mwandiko mzuri anayarudia. Mimi najua mwandiko ni wa nani. Yeye sijamwambia."

Rangi Mbili akainama, akawa anakwangua rangi iliyokauka kwenye kucha. Afisa akaandika makubaliano, ada ikiwa ya kwanza, akamsogezea karatasi na kalamu, akamwonyesha pa kuweka jina.

Mkono uliouandika mji mzima ukashika kalamu. Jina likatoka limepinda, kama la mtoto wa chekechea.