Dawa ya Mtu Mmoja

Katika nyumba ya mama Philomena pale Somanda, dawa haikuwa mali ya mtu. Ukipata nafuu, vidonge vilivyobaki unavitia kwenye kopo lake juu ya kabati, na atakayeumwa baadaye anachota humo. Ukithubutu kumaliza dozi, unaitwa mchoyo. Rhoda, mkwe wake muuza dagaa, aliifuata sheria hiyo tangu aolewe. Mwaka huu mkojo ukamuunguza, ukapoa, ukamrudia tena na tena, mpaka akawa anaogopa kwenda chooni.

Safari hii hospitalini hawakumpa dawa kwa kumtazama usoni. Waliuotesha mkojo wake maabara, waone wadudu gani wamo. Alipofuata majibu, mtaalamu wa maabara akamwonyesha kisahani: wadudu wameota kama mchicha, wamevizingira vipande vya dawa alizozoea kumeza, wanavigusa bila haya. Kipande kimoja tu kilikuwa kimefyeka duara safi pande zake zote.

"Hii ndiyo inayowaweza," akaambiwa. "Ukiikatisha njiani, nayo wataizoea."

Rhoda aliogopa, kisha akapandwa na hasira. Kumbe hao ndio aliokuwa akiwaacha nusu wafu, wakajipanga upya!

Maumivu yakatulia, dozi haijafika nusu. Asubuhi moja shemeji yake, Maduhu, akajikata mguu kwa jembe shambani kwenye pamba. Rhoda alikuwa uani na kikombe cha maji, anataka kumeza, mama mkwe akanyoosha mkono.

"Lete hizo kapsuli za rangi mbili tuzipasue, tumnyunyizie kwenye kidonda. Wewe si umeshapona?"

"Mwenye kovu usidhani kapoa, mayu," Rhoda akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Sijapona."

"Nani kasema?"

"Kipimo. Nimewaona wadudu wenyewe kwa macho yangu."

Machibya, mume wa Rhoda, akakohoa, akamgeukia mkewe. "Mama Josia, mpe mama. Usinitie aibu."

"Aibu ni mimi kulia chooni wakati kopo limeshiba! Maduhu apande bodaboda akasafishwe kidonda, nauli natoa mimi. Dawa yangu sitoi."

Majirani walishaanza kuchungulia. Mama Philomena hajawahi kukataliwa kitu na mkwe, na uso ulimwiva. Alikinyakua kile kikombe akamwaga maji yote chini.

"Haya, meza tuone! Maji ya nyumba hii ni yangu."

Machibya akainamisha kichwa. Rhoda hakumngoja. Akatia kapsuli mdomoni, ikamkwama kooni, machozi yakamtoka. Akameza mate, akameza tena, macho yamemkazia mama mkwe. Ilipopita, akaachama kinywa, kila aliyetaka kuona aone.

"Imeshuka, mayu," akasema, sauti ikimkwaruza. "Na ya jioni nitaimeza hapahapa, mbele yako."