Kitanda Kimoja, Wagonjwa Wawili

Programu inayogawa vitanda vya wagonjwa mahututi hospitalini kwetu aliiandika mume wangu, na aliyekosa kitanda ni mama yangu. Nikisema hivyo watu hubadilisha mazungumzo. Acha wabadilishe.

Mama alikuwa zahanati, pumzi zinamkatika. Muuguzi aliomba kwenye kompyuta kitanda chenye mashine ya kupumulia, akajibiwa kipo, namba tisa. Tukaondoka mbio na gari la wagonjwa. Kufika, tukakuta namba tisa amelazwa binti mdogo aliyetokea mapokezi. Kompyuta ilikuwa imempa naye kitanda hicho hicho, na kingine hakikuwepo. Wauguzi walimpumulisha mama kwa kubinya mfuko wa hewa kwa mikono, wakipokezana. Alifia ukumbini, nimemshika mkono.

Baada ya mazishi mume wangu aliketi mbele yangu mezani, macho mekundu.

"Mke wangu, niache nikueleze."

"Eleza. Si ndiyo kazi yako?"

Akasema maombi ya zahanati na ya mapokezi hushughulikiwa kwa pamoja, yote yakisoma orodha moja ya vitanda. Ombi letu lilitazama namba tisa, likaiona tupu. Kabla halijaandika jina la mama, ombi la pili nalo likatazama, likaiona tupu. Lilitakiwa kufuli: ombi lifunge orodha, litazame, liandike, ndipo lifungue. Yeye kufuli aliliweka kwenye kuandika tu.

"Kutazama niliona hakuna ubaya," alisema. "Nilijiambia macho hayana pazia. Mwanya wenyewe ni mdogo kuliko kupepesa kope."

"Na mama yangu akaenea humo."

Aliinamisha kichwa. "Nimeshalihamisha kufuli. Haitatokea tena."

"Maji yakimwagika hayazoleki, baba watoto."

Akaanza kulia, na mimi sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira ya kuvunja vyombo, ila sikujua nianze na kipi. Nikamuuliza kuhusu yule binti.

"Nilipita asubuhi kumwona. Amefumbua macho. Ameomba maji."

"Alhamdulillahi," nikasema, kabla sijafikiri. Lilinitoka lenyewe, na lilikuwa la kweli. Hapo ndipo nilipolia zaidi kuliko siku ya mazishi, maana nilijiona nimemsaliti mama.