Mita Ishirini za Kitambaa

Ile nane ilikuwa bado inaonekana. Mwalimu aliinua daftari kwenye mwanga wa dirisha, na chini ya saba iliyokandamizwa kwa penseli ikajitokeza nane iliyofutwa, hafifu kama doa lililokataa sabuni.

"Mama," akaniambia, "mtoto alikuwa amepata. Nani alimwambia afute?"

Jana yake alasiri mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo, miguu haifiki chini. Maswali yalikuwa matano; atakayeyapata yote ndiye angepelekwa kwenye shindano la hesabu la shule zote. Manne aliyamaliza bila kuniuliza. La tano akalisoma kwa sauti: fundi ana kitambaa cha mita ishirini, kila gauni linatumia mita mbili na nusu, atashona magauni mangapi? Akaandika hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa. Tulichopewa. Tunachotafuta. Ishirini gawanya kwa mbili na nusu. Nane.

"Saba," nikasema, bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

Nikamweleza kuwa kitambaa kipya hulowekwa kwanza, na kikilowekwa hufupika. Hizo mita ishirini haziwi tena ishirini. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akasema kitabu hakikutaja maji.

"Kitabu kimewahi kushona?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliishia darasa la saba, na tangu nifiwe na mume wangu cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha. Sikutaka kufundishwa kitambaa na mtoto niliyemfunga nepi. Nikamsogezea kifutio kwa mkono wangu mwenyewe. Akafuta polepole, akapuliza makombo.

Sasa mwalimu alikuwa ananingoja. Nilikuwa katika nguo zangu za ibada, maana nilitoka kwenye sala moja kwa moja. Mtoto huyu nilimfundisha kusema kweli kabla sijamfundisha kufunga kamba za viatu. Nikafungua mdomo.

"Watoto, Mwalimu, si unawajua."

Mjukuu wangu akanitazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu.

"Nilijichanganya mwenyewe," akasema.

Kwenye shindano akaenda mtoto mwingine. Siku ile, njiani, alinibebea mfuko kama kawaida yake, wala hakuligusia jambo hilo, si siku hiyo wala baadaye. Kwa Mungu nimeomba msamaha mara nyingi. Ni rahisi, Mungu hanitazami vile.

Mwaka huu amekuja, mtu mzima, kazi yake kuchora madaraja, ameleta kitambaa nimshonee gauni. Nikakitandaza kwenye meza ileile, nikapima, nikashika mkasi. Nilitaka kumwambia. Badala yake nikaanza kuweka alama ya chaki.

Akaweka mkono wake juu ya tepu yangu.

"Ongeza kidogo, Bibi," akasema taratibu. "Hakijalowekwa."

Nikapima upya, kichwa nimekiinamisha kama mtu aliyeangusha sindano.