Digrii Zilizoanguka Ukumbini

Keltum alikuwa amesimama juu ya kreti lililopinduliwa, akifunga kihisi joto kwenye nguzo ya katikati ya ukumbi wa kuchambulia tende. Kihisi chenyewe kilikuwa kijiti cha chuma kisichozidi kidole, chenye nyaya tatu: nyekundu ya kuleta umeme, nyeusi ya kuurudisha, na ya njano ya kuleta habari. Kati ya nyekundu na ya njano aliunga kipingamizi kidogo cha umeme, kwa sababu bila hicho kihisi hubaki bubu. Nyaya zikaingia kwenye kidhibiti, kibao cha ukubwa wa tende mbili, ambacho kazi yake ilikuwa kukiuliza kihisi, kusubiri jibu, na kuliandika ukutani kwa namba nyekundu.

Katika kiwanda hicho cha tende, katika mji wa Tolga, vyumba vya baridi vilikuwa na vihisi tangu zamani. Tende zikiona joto kidogo tu, king'ora kililia, na Haji Lakhdar mwenye kiwanda alikuja mbio na kandambili miguuni. Ukumbi wa wanawake haukuwa na kitu, ingawa ulipakana na chumba cha mvuke kinacholainisha tende kavu. Mwaka huo ndipo chama cha wafanyakazi kilipopata makubaliano: joto likipita digrii thelathini na nne, wanawake watoke nje mpaka lishuke. Keltum alikuwa amejifunza vyombo vya namna hiyo kwenye chuo cha ufundi, akapewa kazi. Mama yake, Hadda, alikaa meza ya mwisho, kando ya mlango wa mvuke, na moyo wake ulikuwa mbovu. Kila waya Keltum aliufunga akimfikiria yeye.

Alipowasha, namba ya kwanza ilikuwa themanini na tano.

"Hatimaye humu ndani kimeajiriwa kitu kinachosema kweli," alisema Bi Unisa wa meza ya tatu. Wanawake wakacheka.

"Hapana, Bi Unisa. Kikiamka huanza na namba hiyo, kabla hakijapima. Kipe nafasi."

"Kama mume wangu. Naye ukimwamsha huropoka kwanza."

Namba ikabadilika, ikawa arobaini na moja. Wanawake walivua glavu, wakaanza kuinuka. Lakini Haji Lakhdar alikuwa mlangoni, na alikuwa ameiona ile ya kwanza.

"Kaeni," alisema. Kisha akamgeukia Keltum. "Chombo kinachoweza kusema themanini na tano hakiachwi kiseme peke yake. Kifunze adabu, binti yangu. Kikifika thelathini na nne kisimame hapo."

"Haji, basi kitakuwa hakipimi."

"Kitapima. Kitanyamaza tu panapostahili kunyamaza. Mama yako moyo unaendeleaje? Sitapenda kumwambia apumzike nyumbani moja kwa moja."

Keltum aliongeza mstari mmoja kwenye programu. Namba ikashuka ikawa thelathini na nne, wanawake wakavaa glavu, na digrii saba zilizozidi zikaanguka sakafuni.

Zilianguka chini ya nguzo, moja baada ya moja, kwa mlio wa njegere kavu. Zilikuwa na rangi ya asali iliyoungua, na zilikuwa za moto. Bi Unisa aliokota moja, akaipuliza, akaitia mfukoni mwa aproni. Hakuna aliyemuuliza kitu. Katika mashamba ya Tolga, tende iliyoanguka yenyewe si ya mwenye mtende, ni ya mwenye kuokota. Kabla ya zamu kwisha, digrii zote zilikuwa na wenyewe.

Digrii moja ilichemsha birika la kahawa. Tatu ziliivisha mkate. Ukumbi haukupoa, maana kabla digrii moja haijatulia sakafuni, chumba cha mvuke kilikuwa kimeshaleta nyingine. Nyingi ziliangukia meza ya mwisho, na Hadda alirudi nyumbani mifuko imejaa, uso mwekundu, pumzi fupi.

"Mama, nitaufuta ule mstari," Keltum alimwambia.

"Ukiufuta zitaacha kuanguka?"

"Zitaacha. Zitabaki hewani, nanyi mtatoka nje."

Hadda aligeuza mkate juu ya kikaango. "Bei ya mtungi wa gesi haisogeleki, mwanangu. Acha kwanza baridi ipite."

Ilikuwa kiangazi. Keltum aliwauliza na wenzake, nao wakamjibu vivyo hivyo, isipokuwa Bi Unisa, aliyesema kwamba Keltum akiugusa mstari huo atamwozesha kwa mlinzi wa getini.

Baadaye Haji Lakhdar alisikia harufu ya mikate ya mji mzima. Akamweka yule mlinzi langoni na ndoo ya bati, awapekue wanawake wakitoka.

"Kinachoanguka ni cha mwenye kuokota, Haji," alisema Bi Unisa.

"Chini ya mtende, sawa. Hapa kuna paa, na paa ni langu."

Digrii zikawa zinauzwa kwa magunia kwenye hamamu ya mjini, kuchemshia maji ya kuogea. Wanawake waliokuwa wamelikubali joto kwa ajili ya digrii sasa walibaki na joto peke yake. Wakaanza kuzificha kwenye vilemba na viatu, na mlinzi akajifunza kupekua vilemba na viatu. Hadda alizimeza. Alizimeza kwa funda la maji, na akifika nyumbani aliinamia jiko akazikohoa. Alikuwa akisema zote zimetoka.

Hapo ndipo wanawake walipomwendea Keltum wenyewe. "Haya, ufute," walisema. Aliufuta. Namba ikabaki thelathini na nne. Alibadilisha kidhibiti, akabadilisha kihisi, akafunga nyaya mpya. Thelathini na nne. Chombo kilikuwa kimezoea.

Siku moja mchana Hadda aliegemeza kichwa juu ya tende alizokuwa akizichambua, na hakukiinua. Waliomwosha walisema maji yalikauka juu yake kabla hayajafika miguuni. Walimzika jioni ileile. Mchanga wa kaburi haukupoa, na paka wa mtaa wakaanza kulala pale.

Mkaguzi wa kazi alifika ukumbini, akasimama chini ya namba, akaisoma kwa sauti.

"Hakuna kilichopita makubaliano," alisema. "Mama alikuwa mtu mzima."

"Twende makaburini, bwana mkaguzi," alisema Keltum. "Nitapima mbele ya macho yako."

Mkaguzi alikubali, kwa kuwa gari lake lilikuwa upande huo. Keltum alikuja na kihisi kipya na kidhibiti kipya ambavyo havijawahi kuingia kiwandani. Akawafukuza paka, akakichomeka kihisi mchangani, akawasha. Kioo cha kidhibiti kiliandika themanini na tano.

"Hiyo ndiyo?" mkaguzi aliuliza, kalamu tayari.

Keltum aliitazama namba ile. "Hiyo haihesabiwi," alisema. "Ni ya kuamkia."

Wakasubiri. Namba ikabadilika ikawa thelathini na nne.

Mkaguzi aliandika, akiinua mguu mmoja kisha mwingine, maana soli zake zilikuwa zimeanza kunuka. Kando ya jiwe la kaburi digrii zilianguka, kwa mlio wa njegere kavu. Alitoa leso, akainama, akachagua kubwa kubwa.

"Kinachoanguka ni cha mwenye kuokota. Si ndivyo mnavyosema huku?"

"Ndivyo tunavyosema," alijibu Keltum.

Alipoondoka, Keltum alipiga magoti, akaokota zilizobaki kwenye ncha ya mtandio, akaenda nazo nyumbani. Zilitosha mkate mmoja.

Asubuhi iliyofuata alipita ukumbini kukagua nyaya, kama kawaida. Meza ya tatu ilikuwa tupu. Bi Unisa alikuwa amehamia meza ya mwisho, kando ya mlango wa mvuke, na bilauri ya maji mbele yake.

"Nimeomba mwenyewe," alisema bila kumtazama. "Huku zinaanguka nyingi, na mimi koo langu ni pana."