Sheria ya Maziwa ya Mheshimiwa Thrall

Huyu Alpheus Thrall mimi sikumwamini tangu alipokuwa mkaguzi wa nyua za mashamba tu hapa kwetu Wisconsin, akipita na fimbo kutazama ua wa nani umelala. Akatoka hapo akawa diwani, halafu akaingia bunge la Madison, na kila akipanda cheo sauti inanenepa. Mwenyewe anajiita mkulima. Mkulima gani, jamani, na mikono laini vile? Ng'ombe wote anakamua mkewe, Philena.

Sheria iliyompa jina ilikuwa ya maziwa. Sote tunapeleka kiwanda kimoja cha jibini, yanamwagwa sufuria moja, kwa hiyo mmoja akidanganya tumeliwa wote. Sheria ikasema: usitie maji, wala usibakize nyumbani yale ya mwisho ya kiwele, mazito, yenye siagi. Ukikamatwa, jina lako linasomwa mkutanoni.

Basi mwaka aliotaka useneta, Gerrit mpika jibini akanivuta kando. "Mama Keziah, maziwa ya Thrall ni mepesi."

"Si nilisema! Anatia maji huyo!"

Alfajiri tukaingia zizini kwake bila hodi. Nikasimama karibu na pampu ya maji, nikamkodolea macho Thrall aliyekuwa mlangoni. Wapi! Hakuigusa. Philena akakamua mpaka ndoo kubwa ikajaa, kisha, mbele yetu, akavuta kindoo na kukamulia ya mwisho.

"Hayo ya nini, shoga?" nikamuuliza.

"Ya siagi. Mama alifanya hivi, na mimi tangu niolewe. Kwani kuna nini?"

Maskini, alikuwa hajui. Mume kazunguka wilaya nzima akiihubiri sheria ile, nyumbani hajamwambia mkewe neno. Na siagi anaipaka kwenye mkate kila asubuhi!

"Jumamosi itabidi nisome jina," Gerrit akasema.

"Jina la nani?" Thrall akauliza upesi. Swali hilo sikulipenda hata kidogo.

Jumamosi shule tunayofanyia mkutano ilijaa. Gerrit hajafungua kinywa, Thrall kasimama, leso machoni. "Ndugu zangu, sheria haina mke wala mtoto. Mwizi ni mke wangu, Philena Thrall, na namtaja mwenyewe."

Makofi! Wengine wakalia. Mtu mkweli ndiye huyu, wakasema, wakampitisha papo hapo kugombea useneta. Philena alikuwa nyuma, karibu na jiko la kuotea moto, uso umemwiva kwa aibu. Alipotoka hakuna aliyemsemesha.

Kesho yake ng'ombe wa Thrall walilia nikawasikia kwangu. Nikaenda mbio. Mheshimiwa yuko kwenye kigoda, koti la hotuba limejaa mavi, anavuta chuchu na ng'ombe anamrushia mateke. Philena kakaa barazani, mikono mapajani.

"Philena, njoo basi! Viwele vitapasuka!"

"Mwizi hashiki maziwa ya watu, mheshimiwa," akamjibu. "Kamua mwenyewe."